Daftari Kabla ya Hina: Mwongozo Kamili wa Hesabu za Ndoa kwa Watu wa Lamu

Mahari yangu ilikuwa shilingi 60,000. Siku ya nikahi, hapa Langoni, zilitolewa 20,000. Kuhusu zile 40,000 zilizobaki, mjomba wangu aliambiwa mbele ya watu, "Atampa, hawa si watu wa kukimbia." Halua ikapita, kahawa ikapita, aliyejaza fomu akaandika 60,000 na kuishia hapo. Miaka sita baadaye nilirudi kwa mama na watoto wawili na sanduku moja. Nilipodai haki yangu, shahidi mmoja alikuwa ameshafariki na wa pili akasema hakumbuki. Karatasi ilisomeka kana kwamba nimelipwa yote. Sikupata hata shilingi.

Tangu siku hizo, kila binti wa ukoo wetu anapoposwa mimi huitwa nije na daftari. Nakaa naye, kisha nakaa na kijana anayemposa, kisha wote wawili pamoja. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayoisha bila habari kama mali ya ndoa, kwa sababu tunaona haya kuitaja. Tunaweza kujadili rangi ya leso ya sare wiki tatu nzima, lakini kumuuliza mchumba ana deni gani tunahesabu ni utovu wa adabu. Haya yafuatayo ndiyo ninayowafanyisha, kwa utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Jua miezi yako mibaya, na yake

Mwanauchumi wa Marekani Gary Becker, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliandika kuhusu ndoa tangu miaka ya 1970 kwa kuitazama nyumba kama karakana: watu wawili wanaweka muda na fedha, wanatoa chakula, usafi, malezi na uuguzi. Kuna ukweli ndani yake. Sufuria moja ya wali huwatosha wawili kwa moto ule ule, na kodi ya chumba haiongezeki kwa sababu mmeingia wawili. Lakini kwa watu wa pwani kuna faida nyingine kubwa kuliko hiyo: ndoa ni akiba ya siku mbaya. Mmoja akikwama, mwenziwe anavuta.

Akiba hiyo hufanya kazi tu ikiwa siku zenu mbaya haziji pamoja. Mwaka 1989 Mark Rosenzweig na Oded Stark walionyesha kwamba familia za wakulima India zilikuwa zikiwaoza binti zao vijiji vya mbali, na kwamba mahusiano hayo ya ndoa yalisaidia kaya kustahimili mavuno yanapopungua. Mvua ikikosa huku, kule huenda imenyesha, na wakwe wanaweza kusaidiana.

Sasa litazame jambo hilo kwa macho ya Lamu. Mvuvi wa Kizingitini au Faza hupata riziki yake nzuri wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, na hubanwa wakati wa kusi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti. Mwenye mashua ya kutembeza wageni Shela naye hubanwa miezi ya mvua za masika. Ikiwa mume ni nahodha wa mashua ya wageni na mke anauza vikapu kwa wageni hao hao, kusi itawakuta wote wawili mikono mitupu. Simaanishi wasioane. Namaanisha wajue mapema kwamba lazima waweke akiba kubwa kuliko nyumba ambayo mmoja ni mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa kila mwezi. Fundi cherehani ana kalenda yake pia: kazi hujaa kabla ya Idi na msimu wa harusi, halafu hupungua.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Andika miezi 12 kwa kushuka. Mbele ya kila mwezi andika kiasi unachopata kwa wastani, bila kujisifu. Mchumba wako naye aandike wake. Kisha iwekeni miwili sambamba mtazame mashimo yako wapi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwaka mzima, usipige ya mwezi mmoja

Hapa ndipo vijana wengi wanapoangukia. Kijana anaposa Januari, mfuko umejaa, anasema, "Mimi napata elfu thelathini na tano." Anasema kweli, ila ni kweli ya Januari.

Nitoe mfano wa hesabu. Tuseme mvuvi anapata 35,000 kwa mwezi katika miezi 5 ya kaskazi, 20,000 katika miezi 3 ya maleleji, pepo zinapogeuka, na 9,000 katika miezi 4 ya kusi. Jumla ya mwaka ni 175,000, na 60,000, na 36,000, yaani 271,000. Ukigawa kwa 12 ni kama 22,600 kwa mwezi. Ikiwa nyumba inahitaji 24,000 kila mwezi kwa chakula, kodi, maji, taa, nauli ya boti na mambo ya ada na michango, mwaka unadai 288,000. Kuna upungufu wa 17,000.

Elfu kumi na saba kwa mwaka si kiasi cha kuvunja posa. Mke akishona na kupata elfu mbili tu kwa mwezi za kutia nyumbani, pengo limezibika. Hatari iko katika mpangilio. Katika kaskazi hubaki 11,000 kila mwezi, yaani 55,000 kwa miezi mitano. Zikitumika zote kwa sababu zipo, basi maleleji na kusi zitadai 72,000 ambazo haziko, na hapo ndipo deni la dukani linapoanza, kisha maneno, kisha kurudishana kwao. Nimeshuhudia ugomvi mwingi uliotajwa kuwa wa tabia, nikaufuatilia nikakuta mwanzo wake ni mwezi wa Juni.

Kwa hiyo kabla ya posa kijana ajibu swali hili kwa maandishi: fedha za kaskazi utazihifadhi wapi hata usizifikie kirahisi? Chama cha kuchangiana, Sacco ya wavuvi, dhahabu kwa mama, yoyote itafaa, lakini iwe na jina. Jibu la "Mungu atajaalia" ni la imani na naliheshimu, na baada yake bado naomba jina la chama.

Msisahau kuandika mchango wa bima ya afya ya serikali, SHA, ambao kwa asiye na mshahara kima chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukilinganisha na gharama ya kukimbiza mgonjwa kwa boti usiku hadi Mokowe, upande wa bara, na kuendelea hadi Malindi au Mombasa, ni mstari mdogo sana wa kuacha.

Hatua ya 3: Ulizeni maswali ya aibu

Maswali haya huulizwa mkiwa na mtu mzima chumbani, si kwenye simu usiku, na hujibiwa na wote wawili.

La kwanza, una deni gani na la nani? Mkopo wa simu, mkopo wa HELB wa masomo, deni la mashine ya boti, deni la chama ambacho umeshapokea zamu yako na bado unachanga. Mwenye moyo safi hatakataa kuonyesha taarifa yake ya M-Pesa ya miezi sita. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inasema deni alilokuja nalo mtu kabla ya ndoa kwa kawaida hubaki lake mwenyewe. Hata hivyo chungu kinachokosa mchele kwa ajili ya deni hilo ni kimoja, kwa hiyo ni haki ya mwenzio kulijua.

La pili, nani anakutegemea? Mama, wadogo zako shuleni, watoto wa ndoa ya awali. Swali hili lisiulizwe kwa lawama. Mtoto anayemtunza mama yake ni mtoto mwema. Ila elfu tano zinazokwenda kwao Pate kila mwezi zinapaswa kuwemo katika zile 24,000, zisije zikagunduliwa baada ya fungate.

La tatu, je, una mke mwingine au unakusudia kuoa mwingine? Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na dini imeweka mpaka wa wanne kwa sharti la uadilifu. Masrufu ya nyumba mbili ni hesabu mbili, kodi mbili, kusi mbili. Binti akitaka kuweka sharti kuhusu hili katika mkataba wake, aende kwa kadhi amuulize ni sharti gani linakubalika kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa, na liandikweje ili liwe na nguvu. Aulize kabla ya nikahi.

La nne, fedha za mke ni za nani? Hili ndilo watu hulijua kwa mdomo na kulisahau kwa vitendo. Katika dini yetu masrufu ni wajibu wa mume, na anachokichuma mke ni chake. Anapotia fedha zake nyumbani anafanya moja kati ya mambo matatu: anatoa zawadi, anakopesha, au ananunua fungu katika kitu. Yote matatu ni halali. Asiposema ni lipi, siku ya kuachana mume atasema zawadi na mke atasema mkopo, na wote wataapa kwa kweli.

Hatua ya 4: Mwenye kuposa ndiye anayechagua

Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walilitazama fumbo la kuwaoanisha wanaume na wanawake kadhaa ambao kila mmoja ana orodha ya anaowapendelea. Waligundua kwamba ipo njia ya kuwapanga hata pasiwepo wawili wanaotamani kuwaacha wenzao na kuchukuana. Walionyesha pia jambo ambalo natamani kila mama mwenye binti alijue: upande unaoposa ndio unaopata matokeo bora kwake, na upande unaosubiri kuposwa huishia na matokeo duni kwake kati ya yale yanayoweza kudumu. Shapley alipata Nobel mwaka 2012 kwa kazi hiyo na zilizoifuata.

Binti anayengoja barazani aletewe, hata akiwa na haki ya kukataa, anachagua kati ya waliofika tu. Yule anayemfaa huenda hakuthubutu, au hakujua kama angekubaliwa. Kwetu hili lina dawa ya zamani. Bibi Khadija, aliyekuwa mfanyabiashara mwenye mali zake, alimtuma Nafisa kwa Mtume kupeleka neno. Alianza yeye, na hakuna Mwislamu anayeona aibu katika hilo. Basi mtafute mshenga, mtu mzima mwenye ulimi mtulivu, apeleke neno kwa upande wa kijana kwamba mkija mtapokewa. Utakuwa umeposa bila kuposa. Namhimiza kila binti anipe majina matatu kabla hajanipa jibu la aliyekuja.

Hatua ya 5: Mahari, neno kwa neno

Nitakaa hapa kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia.

Kwanza tenganisha vitu. Mahari ni ya bibi harusi mwenyewe. Si ya baba, si ya mjomba, si ya kulipia pilau. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni ada, ni heshima, na vinahesabiwa mbali. Zikichanganywa katika bahasha moja, mahari humezwa na ada.

Pili, amua kiasi gani ni cha mkononi na kiasi gani ni cha deni. Mahari ya deni si jambo baya. Inamwezesha kijana asiye na uwezo leo, na inamfanya mume afikiri mara mbili kabla ya kutamka talaka kwa hasira, maana siku akitamka deni linaiva. Lakini kazi hiyo inafanyika tu ikiwa deni linajulikana, limeandikwa, na lina thamani.

Thamani ndiyo inayosahaulika. Shilingi ya leo si shilingi ya miaka 15 ijayo. Zile 40,000 zangu, hata kama ningelipwa mwaka ule wa sita, zisingenunua kile ambacho zingenunua siku ya nikahi. Kwa hiyo mahari ya deni nashauri itajwe kwa dhahabu: gramu ngapi, karati ngapi. Au itajwe kwa kitu: cherehani ya umeme ya aina fulani, mbuzi wangapi, kitanda cha aina gani. Siku ya kulipa, hulipwa kitu hicho au bei yake ya siku hiyo. Ya mkononi inaweza kuwa fedha taslimu, maana inatumika leo.

Tatu, andika. Cheti cha ndoa kitaje kiasi chote, kilicholipwa, kilichobaki, na lini kinadaiwa: kwa mwaka fulani, au kwa talaka au mauti. Soma kabla ya kutia saini. Ukiambiwa haraka, watu wanangoja, watu na wangoje. Zaidi ya cheti, andikeni ukurasa wenu wa daftari wenye maneno hayo hayo, saini ya mume, ya walii, na mashahidi wawili vijana. Nasema vijana kwa sababu nimezika shahidi. Upigeni picha, ukae kwenye simu nne.

Nne, jua kwamba mume akifariki, mahari ya deni ni deni kama madeni mengine. Hulipwa kabla urithi haujagawanywa, kisha ndipo mjane anapata fungu lake: thumni, yaani 1/8, ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hana mtoto. Wajane wengi Lamu wamepokea thumni wakanyamaza, hawakujua kwamba walikuwa na dai lililotangulia.

Hatua ya 6: Harusi

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii ilitungwa kwa mikopo yote, lakini inafaa zaidi hapa kuliko popote.

Andrew Francis na Hugo Mialon wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwahoji watu zaidi ya 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa. Waliotumia fedha nyingi kwa pete na sherehe, ndoa zao kwa jumla zilidumu muda mfupi zaidi. Waliohudhuriwa na watu wengi, zao zilidumu zaidi. Hilo halithibitishi kwamba gharama ndiyo iliyovunja, lakini linanikumbusha harusi za zamani mtaani kwetu: wanawake wa mtaa wanakuna nazi pamoja, pilau inakwenda kwa sinia, vugo linapigwa usiku kucha, na hakuna aliyekodi ukumbi. Watu wengi, fedha chache.

Kanuni yangu ni moja. Kabla ya kulipia chochote cha harusi, masrufu ya miezi mitatu yawe yamewekwa kando, na hayaguswi. Kinachobaki ndicho cha harusi. Kikiwa kidogo, harusi ni ndogo.

Hatua ya 7: Nyumba ni ya nani

Hapa mababu zetu walikuwa na akili ambayo wanauchumi waliifikia baadaye sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baadhi yao walianza kuieleza ndoa kama mapatano: kila mmoja ana sauti kwa kadiri ya kile anachobaki nacho endapo atatoka. Asiye na pa kwenda hukubali lolote. Mwenye pa kwenda husikilizwa, hata kama hakusudii kwenda.

Tembea Mkomani, mtaa wetu wa nyumba za mawe, uangalie juu. Utaona wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Wenye uwezo walimjengea binti nyumba jirani, au walimwongezea ghorofa juu yao, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba nyingine ziliwekwa wakfu ili zisiuzwe na kaka mwenye madeni. Ndoa ilipovunjika, aliyebeba sanduku alikuwa mwanamume. Mwanamke alibaki na zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, na watoto hawakuhama mtaa wala chuo cha Qurani.

Leo wengi hatuna nyumba ya mawe ya kumpa binti. Lakini swali linabaki lile lile, na nawafanya walijibu kwa kuandika: tutakaa wapi, na panamilikiwa na nani?

Mkipanga, andikeni jina la nani liko kwenye makubaliano na mwenye nyumba. Mkikaa kwa wazazi wa binti, andikeni kama mume atachangia matengenezo, na kama mchango huo ni zawadi. Mkikaa kwa wazazi wa mume, mke ajue kwamba anachojenga pale kinasimama juu ya haki ya watu wengine.

La mwisho hilo linahitaji tahadhari kubwa. Mke anatoa zamu yake ya chama, zinanunuliwa mabati na saruji, chumba kinasimama kwenye kiwanja cha baba mkwe Wiyoni au Hindi. Hakuna hati, na hata jina la mume halipo popote. Baba mkwe akifariki, kiwanja ni cha warithi wote, na mabati yale yanakuwa hadithi. Ikiwa lazima mjenge hapo, pata maandishi ya mwenye kiwanja akiri kwamba jengo ni la nani na amegharimia nani, na weka risiti za duka kwa jina lako. Ikiwa nyumba ni ya wakfu, jua kwamba hakuna atakayeweza kuiuza wala kukugawia. Haki yako pale ni ya kukaa tu, kwa masharti ya aliyeiweka.

Hatua ya 8: Fedha ipite mkono gani

Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilibadilisha njia ya kutoa posho ya watoto: badala ya kuingia katika mshahara, ambao mara nyingi ulikuwa wa baba, ikawa inalipwa mkononi kwa mama. Watafiti walipotazama matumizi ya kaya baadaye, waliona kwamba nguo za wanawake na za watoto zilinunuliwa zaidi zikilinganishwa na za wanaume. Shilingi ni ile ile, lakini mkono unaoishika unaamua inaishia wapi.

Kwa hiyo msiseme tu "fedha zetu ni moja". Gawanyeni mara tatu: za nyumba, zake, zangu. Za nyumba zitolewe siku maalumu. Mvuvi atoe kila Alhamisi jioni, maana Ijumaa ni mapumziko. Mwenye mshahara atoe siku unapoingia. Zikipitia M-Pesa ni bora, kwa sababu zinajiandika zenyewe na hakuna atakayebishana baadaye zilitolewa au hazikutolewa. Nimeona wanaume waliotunza vizuri miaka kumi wakashindwa kuthibitisha hata mwezi mmoja. Daftari linamlinda mume pia.

Hatua ya 9: Ikivunjika

Anzeni na wazee wa pande mbili, mmoja huku na mmoja kule, kama Qurani ilivyoelekeza. Wakishindwa, nendeni kwa kadhi. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka yake katika Katiba ya 2010, ibara ya 170: ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Talaka isajiliwe. Mwanamke aliyeachwa kwa maneno tu, bila karatasi, hana cha kuonyesha anapotaka kuolewa tena wala anapodai.

Kabla hujatamka au kuomba talaka, kaa peke yako na ukurasa mpya.

Mume aandike: mahari ya deni iliyobaki, masrufu na makazi ya eda, ambayo kwa talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke, ni wajibu wake hadi twahara tatu, vipindi vya usafi baina ya hedhi, zipite, na kwa mjamzito hadi ajifungue, mutaa, yaani kitulizo cha mke aliyeachwa, ambacho kadhi anaweza kukipima kwa hali yake, na masrufu ya watoto kila mwezi hadi wakue. Akijumlisha yote hayo, mara nyingine hurudi nyumbani akaomba radhi. Nimeliona kwa macho yangu mara mbili.

Mke aandike njia anayotokea, maana kila mlango una bei yake. Akiachwa, anadai yote niliyotaja. Akiomba khului, kwa kawaida yeye ndiye anayerudisha mahari au kusamehe deni lake ili aachwe. Akiwa ameteswa, ametelekezwa au hapewi masrufu, asikimbilie khului kwa sababu amechoka; kadhi anaweza kuifasikh ndoa, yaani kuivunja yeye mwenyewe, baada ya kusikiliza ushahidi, na si haki mtu alipe ili aondoke kwenye dhuluma. Ni kosa ninaloliona sana: mwanamke ana kesi ya fasakh, ananunua uhuru kwa mahari yake.

Kuhusu mali, ile Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamruhusu Mwislamu afuate sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Kwa wengine, Wakristo wa Mpeketoni kwa mfano, mali hugawanywa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Mchango si fedha pekee: sheria inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kwanza kuwa ameishikilia kwa niaba ya mwenziwe pia, mpaka ithibitishwe vingine. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Lakini nusu kwa nusu si jambo la moja kwa moja: Mahakama ya Juu ilisema wazi Januari 2023 kwamba kila kesi hupimwa kwa mchango uliothibitishwa. Kwa hiyo risiti za mabati, taarifa za M-Pesa na ule ukurasa wa daftari ndivyo vitakavyokusemea.

Watoto hawagawanywi kama vyombo. Katiba, ibara ya 53, inawapa haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Baba akikwepa masrufu, Afisa wa Watoto na Mahakama ya Watoto wapo. Nenda na risiti za ada, dawa na chakula za miezi mitatu. Nenda mapema, kabla deni la duka halijawa kubwa.

Mwezi uliopita nilikaa barazani na binti wa kaka yangu na kijana anayemposa, fundi wa majahazi kutoka Matondoni. Tulifika mstari wa madeni, akasema hana. Tukaendelea na mahari: gramu 8 mkononi, gramu 12 za deni, karati 21. Nilipofunga daftari akaniambia, "Shangazi, lifungue tena. Kuna mashine ya boti nimekopa na ndugu yangu, bado elfu thelathini na mbili. Niliona haya." Binti akanipokonya kalamu akaandika mwenyewe, kisha akamwuliza kila mwezi wanalipa ngapi.